Maji yamechukua mpunga wa bondeni: tutakula nini mpaka mwakani?

"Shikamoo mtaalamu. Sisi ni wakulima wa bonde la Mto Matandu, wilayani Kilwa. Mwanzoni mwa Aprili mto ulifurika, ukachukua mpunga na mahindi yaliyokuwa karibu kukomaa. Maji yaliingia hadi ndani, tukaokoa madebe mawili tu ya mahindi ya mwaka jana, nayo yalilowa na yameanza kunuka. Tumebakiwa na shamba la juu: muhogo mchungu, nusu eka ya ufuta na mikorosho thelathini. Tuko saba. Mwanangu mdogo ana mwaka na nusu, na wifi yangu ni mjamzito. Mama mkwe anasema tung'oe muhogo, tutwange, tuanike na kula siku hiyohiyo kama walivyofanya wao zamani. Mfanyabiashara mmoja yuko tayari kutupa fedha sasa, tumlipe kwa korosho msimu ukifika. Mume wangu anataka kwenda Dar kutafuta kibarua. Tufanye nini ili tufike mwakani bila kuaibika?"

Marahaba, mwanangu, na poleni sana. Nimesoma barua yako zaidi ya mara moja. Umeuliza kwa jumla, lakini ndani yake mna maamuzi matano, na mawili yanasubiri jibu wiki hii hii: mahindi yaliyolowa na muhogo mchungu. Nitaanza na hayo kwa sababu yanagusa uhai. Kangomba, yaani huko kuuza korosho kabla ya msimu, pamoja na shamba na safari ya Dar vitafuata.

Kwanza tukubaliane urefu wa safari hii ya njaa. Watu wengi huhesabu njaa ya mafuriko kwa wiki: maji yatapungua, msaada utakuja, tutapanda tena. Kwetu kusini hesabu haiendi hivyo, kwa sababu tuna msimu mmoja wa mvua, unaoanza Novemba au Desemba na kuisha Aprili au Mei. Wenzetu wa mikoa yenye vuli na masika wakipoteza msimu mmoja, wanajipanga kwa ule mwingine. Wewe uliyepoteza mavuno ya Mei na Juni, mavuno yako kamili yanayofuata ni ya Mei mwakani. Mwaka wa kawaida ghala huisha Januari na mnabana mpaka Machi. Mwaka huu mmeanza kubana Aprili. Kwa makadirio, mtu mzima anahitaji gramu 400 hivi za nafaka kwa siku. Ninyi saba, ukipunguza ya watoto, ni kilo mbili na nusu hadi mbili na robo tatu kila siku, yaani gunia la kilo 100 linaisha kwa siku thelathini na tano hadi arobaini. Kwa mwaka ni magunia tisa au kumi. Hakuna mlango mmoja utakaoleta magunia yote hayo, wala yule mfanyabiashara hataleta. Mtayapata kidogo kidogo kutoka milango mingi, mradi hakuna mlango utakaofungwa kwa pupa.

Sasa mahindi. Najua inauma kumwaga chakula wakati huna kingine, na nimewaona watu wazima wakilia juu ya jambo hili. Lakini mahindi yaliyolowa maji ya mafuriko na kuanza kunuka usiwape watu. Maji yale yamepita vyooni na mazizini, na kwetu yamepita pia kwenye vibanda vinavyohifadhi salfa na dawa nyingine za mikorosho. Hilo ni la kwanza. La pili ni ukungu, ambao hutengeneza sumukuvu. Sumukuvu haiuawi na moto: ukipika ugali saa nzima, sumu inabaki. Kuosha na kukoboa kunaipunguza, hakuimalizi. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumu hiyo, na waliougua waliyala kama kawaida kwa sababu chakula chenye sumukuvu kinaweza kuwa na ladha ileile mliyoizoea. Wengine husema basi wapewe kuku, au yapikiwe pombe. Kuku nao hudhurika, na kwenye pombe sumu haipotei. Yafukieni.

Kama lipo gunia au kapu lililoloweshwa na mvua tu, tena kwa muda usiofika siku moja, hilo unaweza kuliokoa leo. Chambua punje zilizobadilika rangi, zilizovunjika na zilizochipua, utupe. Zilizobaki zianike juu ya turubai, si juu ya udongo, uzigeuze mara kwa mara mpaka punje ikipasuka kavu kwenye jino. Na kama katika vitu vilivyookolewa mna mbegu ya dukani yenye rangi nyekundu au ya kijani, ile rangi ni dawa. Hata ukiiosha mara kumi usiipike.

Muhogo ndio utakaowavusha, na muhogo huohuo ndio unaonitia hofu kuliko yote uliyoandika.

Mama mkwe hakosei anaposema kwamba wazee walikula hivyo. Walikula, na wengine wao walidhurika. Mwishoni mwa miaka ya 1980 huko Masasi, wakati wa uhaba wa chakula, watu waliugua ghafla baada ya kula unga wa muhogo mchungu uliotwangwa na kuanikwa haraka haraka siku moja. Unga huo waliuita chinyanya. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mkoa wa Mtwara ulipata wagonjwa wa konzo, ugonjwa unaopoozesha miguu yote miwili kwa ghafla, mara nyingi kwa watoto na kina mama, na ulemavu wake ni wa kudumu. Wapo waliodhani ni uchawi, wapo waliodhani ni polio. Chanzo ni sumu ya muhogo inayoliwa siku baada ya siku, mwilini mwa mtu asiyepata protini ya kutosha. Tazama wakati gani inatokea: si mwaka wa neema ambao watu wana muda wa kuloweka na kitoweo cha kutosha. Inatokea mwaka kama huu wenu.

Nikueleze sumu inavyofanya kazi, ili uweze kumweleza mama bila kumvunjia heshima. Ndani ya muhogo mchungu sumu haijakaa wazi. Imefungwa ndani ya aina fulani ya sukari, na kimeng'enya chenye uwezo wa kuifungua kimekaa mahali pengine katika muhogo huohuo, kama kufuli na ufunguo vilivyowekwa vyumba tofauti. Unapotwanga, kukwangua au kulowesha mpaka muhogo ukalainika, kuta za vyumba zinabomoka, ufunguo unakutana na kufuli, na sumu inatoka kama gesi au inabaki kwenye maji ya kumwaga. Kazi hiyo inataka maji na inataka muda. Ukikausha upesi, kimeng'enya kinasimama kabla hakijamaliza, na sumu iliyobaki inafungiwa ndani ya unga. Ndiyo maana makopa yaliyomenywa na kuanikwa tu, bila kuloweshwa, hubaki na sumu nyingi yakiwa ya muhogo mchungu. Ndiyo maana pia kuchemsha mizizi mizima hakutoshi: moto unakiharibu kimeng'enya mapema na sumu inabaki palepale.

Fanyeni hivi. Menyeni muhogo, muukate vipande, muuloweke kwenye pipa au ndoo ya maji safi kwa siku tatu au nne, mpaka ukiubonyeza kwa vidole unasagika. Maji ya mto uliofurika hayafai. Utoeni, mwageni maji yake mbali na kuku na mbuzi, upondeni, mkamue, kisha muanike juu ya turubai. Kwa kuwa mvua bado ipo, anikeni kidogo kidogo kwa kadiri ya jua, msije mkakwepa sumu ya muhogo mkaingia kwenye ukungu.

Na kama njaa ya leo haisubiri siku nne, ipo njia ya dharura ya kupunguza sumu katika unga uliokwisha kusagwa. Ilibuniwa na watafiti wa Australia na imetumika Msumbiji na hapa Tanzania. Tia unga kwenye bakuli, weka alama ulipofika. Ongeza maji huku ukichanganya. Unga utashuka chini ya alama, kisha utapanda tena. Ukirudi kwenye alama, acha maji. Utandaze juu ya mkeka au turubai, unene usiozidi sentimita moja, uache kwa muda wa saa mbili juani au wa saa tano kivulini. Gesi inatoka yenyewe. Usongeni ugali siku hiyohiyo, kwa sababu unga ulioloweshwa haukai. Njia hii hupunguza sumu hadi theluthi moja ya ile iliyokuwepo, au chini ya hapo. Unga wa makopa ya muhogo mchungu upitisheni humo hata kama mmeuchoka utaratibu huo. Mama mkwe akiona kwamba kazi ni ya saa mbili tu na chakula kinaliwa siku hiyohiyo kama alivyotaka, nadhani mtaelewana.

Jambo la pili katika kujikinga ni kitoweo. Mwili una uwezo wa kuigeuza sumu hii na kuitoa kwa mkojo, ila unahitaji protini kufanya hivyo. Kunde, mbaazi, choroko, dagaa, hata kwa kiasi kidogo, visikosekane kila siku yenye ugali wa muhogo. Kisamvu ni kizuri, nacho kitwangwe kisawasawa na kichemshwe sufuria ikiwa wazi. Ming'oko, viazi pori vya huku kusini, mnaijua kuliko mimi, na haina ubaya. Ninaogopa tu viazi pori vichungu, vile ambavyo wazee wengine huviita ndiga, maana havifai bila kuloweshwa siku nyingi kwenye maji yanayobadilishwa. Watoto wasitumwe kuchimba peke yao.

Kuna muhogo wowote uliosimama kwenye maji? Huo ng'oeni sasa. Mizizi iliyozama huoza ndani ya siku chache, na kuoza shambani si sawa na kulowesha. Uliooza na kunuka utupwe. Ule wa juu usiokumbwa na maji usiung'oe wote. Muhogo unajihifadhi wenyewe ardhini, kwa hiyo chukueni mstari kwa mstari kwa kadiri ya mlo.

Tuje kwenye fedha za korosho. Kangomba imekatazwa, na nakusihi usidhani marufuku hiyo ni ya kuwaonea wanyonge. Fanya hesabu mwenyewe. Tuseme mfanyabiashara anakupa shilingi 100,000 kwa makubaliano ya shilingi 1,000 kwa kilo. Unadaiwa kilo 100. Kwenye mnada wa stakabadhi ghalani, yaani mnada rasmi wa korosho zilizokusanywa ghalani, kilo hiyo ikiuzwa 3,000, umelipa 300,000 kwa mkopo wa miezi sita. Msimu wa 2024/2025 minada ilifunguliwa kwa bei iliyopita shilingi 4,000 kwa kilo. Mikorosho thelathini si mingi. Ukiweka rehani mavuno ya Oktoba, ile Januari yenye njaa ya kawaida itakukuta huna ghala na huna fedha, na utarudi kwa mtu yuleyule. Hivyo ndivyo kaya inavyoingia kwenye mtego wa miaka mitano kwa sababu ya mto uliofurika siku tatu.

Lakini sitakuambia "usiuze" kisha nikaondoka. Kwanza angalieni mifugo: kuuza mbuzi dume au majogoo sasa kunauma kidogo kuliko kuuza korosho, na jike la kuzaa libaki. Kama mko kwenye kikundi cha kuweka na kukopa, huu ndio wakati wa mfuko wa jamii kufanya kazi yake, na riba mnaijua. Ulizeni AMCOS yenu, chama cha ushirika cha mazao, kama wana utaratibu wowote kwa waliopatwa na mafuriko. Kisha mna ufuta. Nusu eka ikipaliliwa vizuri inaweza kutoa kilo mia hivi, na minada ya ufuta huanza karibu na Juni, miezi miwili tu kutoka sasa. Ufuta huo ni daraja lenu. Msiukate kabla ya kukomaa kwa hofu, na msiuuze kwa vipimo vya mlangoni.

Na fedha ya ufuta ikiingia, nunueni mahindi palepale, Juni au Julai, wakati mavuno ya Songea na kwingineko yanaingia sokoni na bei iko chini. Ukisubiri Januari, fedha ileile itakununulia kidogo zaidi, tena barabara zinaweza kukatika. Mei 2024, wakati wa kimbunga Hidaya, njia ya Dar kwenda Lindi ilikatika eneo la Somanga, na aliyetegemea chakula cha lori alijua maana yake. Yakaushe, uyahifadhi kwenye mifuko isiyopitisha hewa, na uyaweke juu ya kichanja mahali ambapo maji hayakufika safari hii.

Ikiwa baada ya yote hayo bado hampati hata mlo mmoja, na hakuna ndugu wala kikundi, sitawalaumu mkichukua kitu kidogo kwa yule mfanyabiashara. Kichukuliwe kama mkopo wa fedha unaolipwa kwa fedha, kiandikwe, kiwe na shahidi, na kisiguse zaidi ya robo ya mavuno mnayotarajia.

Shamba la bondeni msilitupe. Wapo wanaosema mafuriko huleta mbolea, na wapo wanaosema ardhi imekufa mpaka mwakani. Wote wana nusu ya ukweli. Nenda na jembe, chimba mahali kadhaa. Ukikuta tope laini jeusi au la kahawia, umeachiwa rutuba na unyevu wa wiki nyingi. Ukikuta mchanga mweupe wa kina cha kiganja au zaidi, mahali hapo usimwage mbegu mwaka huu. Ndugu zetu wa Rufiji wamelima hivi tangu zamani, wakipanda maji yanapoondoka, na kilimo hicho wanakiita mlau. Subiri udongo ufikie hali ya kumung'unyika mkononi bila kunata. Kisha panda vitu vya haraka: kunde na choroko, ambazo huanza kuvunwa baada ya siku sitini hadi sabini na tano, maboga na matango, na marando ya viazi vitamu, ambayo yatakupa matembele ndani ya wiki chache na viazi baada ya miezi mitatu au minne. Mahindi pandeni kidogo tu, mahali penye unyevu zaidi, kwa sababu mvua zinaishia. Mpunga usirudie sasa.

Kabla ya kupanda mbegu yoyote iliyoguswa na maji, ijaribu. Hesabu punje mia moja, zifunge kwenye kitambaa chenye unyevu kwa siku tano hadi saba. Zikiota chini ya sabini, ongeza idadi kwenye shimo. Zikiota chini ya hamsini, tafuta nyingine. Na vijiti vya muhogo msichukue kwa kila jirani anayetoa kwa huruma, kwa maana ukanda wetu una ugonjwa wa michirizi ya kahawia unaoozesha mizizi, nao husafiri kwa vijiti. Ofisi ya kilimo ya wilaya au kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Naliendele wanaweza kuwaelekeza mahali penye vijiti safi, hasa vya aina tamu, ili mwaka mwingine msiwe na muhogo mchungu peke yake.

Kuhusu mume wako, ninaelewa haraka yake. Mwanaume akikaa nyumbani anatazama watoto bila chakula, kila saa ni ndefu. Lakini wiki mbili tatu baada ya maji kuondoka ndizo pekee za kupanda bondeni, na bila yeye wewe na mama hamtaweza kulima, kupalilia ufuta na kuloweka muhogo kwa pamoja. Kibarua cha Dar hakina uhakika, na nauli ni fedha ya unga. Ningemwomba asaidie kupanda kwanza, atafute vibarua vya karibu vya kuvuna ufuta Mei na Juni, na akiamua kusafiri basi aende baada ya hapo, mkiwa mmekubaliana atatuma nini na lini.

Mtoto wa mwaka na nusu na wifi yako wasihesabiwe kwenye kupunguza milo. Watu wazima wenye afya wanaweza kula mara moja au mbili kwa muda; hao wawili hawawezi. Mtoto aendelee kunyonya kama bado ananyonya, na uji wake utengenezwe kwa nafaka safi uliyonunua, siyo kwa unga wa muhogo mchungu, ukachanganywa na karanga au dagaa waliosagwa. Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa, maana mtoto akiharisha chakula chote ulichohangaikia kinapotea. Mpeleke zahanati apimwe mkono kwa utepe. Ukisoma chini ya sentimita 12.5 aingizwe kwenye huduma ya lishe, na chini ya 11.5, au miguu ikivimba, ni dharura ya siku hiyohiyo.

Mtu yeyote akitapika, kuumwa kichwa na kizunguzungu saa chache baada ya kula muhogo, mkimbizeni hospitali na mseme alikula nini. Miguu ikianza kulegea au kukakamaa, acheni muhogo huo kwa wote nyumbani na mwende hospitali bila kupitia kwa mganga. Macho ya njano na tumbo kuvimba, ndani ya siku au wiki baada ya kula mahindi yenye ukungu, ni hivyo hivyo.

Leo au kesho nenda kwa mtendaji wa kijiji, hata kama umesikia orodha imefungwa. Hasara iandikwe: eka ngapi, zao gani, watu wangapi, mjamzito na mtoto wametajwa. Kamati ya maafa hufanya tathmini kutoka orodha hizo, na mahindi ya serikali yakija hufuata majina. Kilwa ilipitia mafuriko makubwa Januari 2020, kwa hiyo viongozi wenu si wageni wa jambo hili. Mkiona majina yanarukwa, ulizeni kwenye mkutano wa kijiji, mbele ya watu. Msaada ni haki ya aliyepatwa, wala si kujidhalilisha. Umeandika habari ya kuaibika. Sijaona katika barua yako kitu chochote cha kuonea aibu.

Ukimaliza kuchimba bondeni niandikie tena uniambie umekuta tope au mchanga, kina chake ni kiasi gani, na mbegu zako zimeota ngapi katika mia. Hapo nitaweza kukuambia upande gani upande nini.